Upepo wa Ndege Kule Yombo

Kila siku akitoka shule, Tunu alipitia nyumbani kubadili sare, akala chakula alichofunikiwa kwa kawa, kisha akaenda kwenye kibanda cha baba yake kilichokuwa kando ya barabara, Yombo. Baba yake, Mwinshehe, alikuwa fundi wa matairi. Alikuwa na jeki, karai la maji la kutafutia pancha, na mashine ya upepo iliyonguruma mpaka majirani wakalazimika kuongea kwa kupaza sauti. Tunu alikuwa darasa la sita. Katika kazi zote za pale, aliyoipenda zaidi ilikuwa kushika geji, kuibana kwenye valvu ya tairi na kusoma kipimo.

Mwinshehe hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kila mteja aliondoka na neno lile lile. "Wiki ijayo pitia nikupimie tena. Tairi likipungua halikwambii."

Wateja walimcheka, wakasema fundi huyu anawatafutia safari. Hata hivyo wengi walirudi. Ambaye hakukosa hata wiki moja ni Mzee Erasmus, karani mstaafu, babu yake Tekla. Tekla na Tunu walikaa dawati moja shuleni. Mzee Erasmus alikuwa na gari la zamani aina ya Pijo, na katika mtaa wote hakuna mama mjamzito wala mgonjwa aliyekosa kupelekwa hospitali kwa gari hilo. Kwa sababu hiyo alikuwa mwangalifu mno. "Nabeba watu," alikuwa akisema, "sibebi magunia."

Miaka ile serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, na magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yanaongezeka barabarani. Gereji mpya ikafunguliwa ng'ambo ya barabara, sakafu yake ya saruji inang'aa, mafundi wake wamevaa ovaroli za rangi moja. Wateja wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja.

Wakati huohuo habari zikaja kutoka Kisarawe kwamba bibi yake Tunu anaumwa sana. Mwinshehe akaenda kumuuguza. Kibanda akamwachia mpwa wake Talha, kijana aliyemaliza shule na kuijua kazi vizuri. Tunu akaambiwa amsaidie jioni, asiache kusoma.

Siku zikapita kibanda kikiwa kimya. Talha alikaa juu ya tairi bovu akiangalia upande wa pili wa barabara.

"Mie sijui nitamwambia nini mjomba akirudi," alisema. "Atadhani wateja nimewafukuza mie."

Siku moja akapita Ansbert, jirani aliyekuwa fundi uwanja wa ndege. Alikuwa na pikipiki iliyohitaji upepo. Wakati Talha akijaza, Ansbert akawa anapiga soga.

"Nyie mnajaza hewa hii ya bure," alisema. "Sie kule ndege tunazijaza naitrojeni. Inakuja kwenye mitungi. Haina unyevu, wala haichochei moto ndege inapotua na matairi kupata joto."

"Kwa hiyo matairi ya ndege hayapungui?" Tunu aliuliza.

"Yanapungua polepole zaidi. Lakini bado..." Ansbert alianza kueleza, ila Tunu hakuwa anasikiliza tena. Akili yake ilikuwa imerudi darasani. Wiki ileile Mwalimu Felicitas, mwalimu wao wa sayansi, alikuwa amewafundisha kwamba hewa tunayoivuta, ukiigawa mafungu matano, karibu manne ni naitrojeni.

Ansbert alipoondoka, Tunu alimgeukia Talha macho yakimng'aa.

"Kaka Talha, kumbe na sisi tunajaza naitrojeni. Iko humuhumu kwenye hewa. Tukiandika hivyo hatujadanganya."

Talha akacheka. Kesho yake aliazima mtungi mtupu kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akaupaka rangi ya buluu na kuusimamisha mbele ya mashine. Mpira wa upepo akaupitisha nyuma ya mtungi, hata mtu akitazama aone kama unatokea mtungini. Tunu, aliyekuwa na mwandiko mzuri, akaandika kwenye ubao kwa herufi kubwa: NAITROJENI. UPEPO WA NDEGE SASA YOMBO.

Watu wakaja. Kwanza walikuja kushangaa, kisha wakajaza. Madereva wa teksi waliokuwa wamevuka barabara walirudi. Walipouliza maswali, Talha aliwaelekeza kwa Tunu, na Tunu akawaeleza habari za ndege, unyevu na joto kama aliyewahi kufanya kazi uwanjani. Watu wazima walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Wakasema mtoto huyu wa Mwinshehe atafika mbali. Maneno hayo yalimwingia Tunu kama sukari. Kila alipoyasikia aliongeza chumvi kidogo katika maelezo yake.

Mzee Erasmus akaja siku yake kama kawaida. Alisoma ubao, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Shikamoo, Babu," Tunu alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu niambie wewe, maana Tekla anasema unaongoza kwa sayansi. Hii ni naitrojeni kweli?"

Tunu aliutupia jicho ubao. "Sehemu kubwa kabisa ni naitrojeni, Babu."

"Na inakaa?"

"Inakaa sana. Ndiyo ya ndege hiyo."

"Basi nitakuwa sina haja ya kuja kila wiki?"

Pale ndipo pangekuwa mahali pa kusimama. Lakini nyuma ya mzee walikuwapo madereva wengine wakisikiliza, na Talha alikuwa amekunja uso kumwonya.

"Usihangaike, Babu," Tunu alisema. "Mpaka Krismasi hutakuwa na shida."

Mzee Erasmus alimshika kichwani kwa upole. "Mungu akubariki. Umenipunguzia kazi." Akaondoka, na kuanzia siku hiyo hakuonekana tena kibandani.

Wiki kadhaa baadaye Tunu alikuwa amesimama mbele ya kibanda, akimweleza dereva mmoja habari zilezile, alipoliona Pijo linapita. Mzee Erasmus alimpungia mkono kutoka dirishani. Tunu naye akapunga, macho yake yakashuka kwenye tairi la mbele. Lilikuwa limebonyea chini kama mkate uliokaliwa. Mtu aliyezoea matairi asingeweza kukosea. Huenda palikuwa na msumari mdogo, au valvu ilikuwa ikivujisha. Kwa vyovyote lilikuwa linapungua, na gari lilikuwa limejaa watu.

Alifungua mdomo amwite. Yule dereva aliyekuwa mbele yake akauliza, "Kwa hiyo unasema ndani ya miezi yote hiyo sipimi kabisa?"

Kama Tunu angeita, "Babu, simama nikupimie," dereva huyu angesikia, na angejua. Tunu akafunga mdomo. Alijiambia kwamba labda ni kivuli. Alijiambia kwamba mzee hatembei mbali. Pijo likapinda kona likapotea.

Siku ya pili yake, nafasi ya Tekla kwenye dawati ilikuwa tupu. Mwalimu Felicitas aliingia darasani akiwa na uso mzito.

"Mwenzenu Tekla na babu yake wamepata ajali," alisema. "Walikuwa wanatoka kumpeleka mgonjwa. Tairi la mbele limepasuka karibu na Buguruni, gari likaingia mtaroni. Tunamshukuru Mungu wako hai. Babu amevunjika mkono na Tekla ameshonwa usoni. Kesho tutakwenda kuwapa pole."

Tunu aliinamisha kichwa. Aliona herufi za kitabu zikicheza mbele yake. Wenzake walidhani anamlilia rafiki yake, wakamshika mabega na kumbembeleza, na kila mkono uliomgusa ulimchoma.

Jioni alikimbilia kibandani. Ubao haukuwapo. Mtungi wa buluu ulikuwa umerudishwa kwa mwenyewe. Talha alikuwa anafagia mahali ulipokuwa umesimama.

"Nimesikia," Talha alisema bila kumtazama. "Sikiliza, Tunu. Sie hatujui chochote. Gari lenyewe la zamani, na tairi kupasuka ni jambo la kawaida. Mjomba anarudi keshokutwa. Akijua, mie atanirudisha kijijini. Funga mdomo wako, ishu itakwisha yenyewe."

Tunu aligeuka akaenda nyumbani. Usiku huo hakula, na mama yake, Bi Hija, akamgusa paji la uso akidhani ana homa.

Kesho yake darasa zima lilikwenda nyumbani kwa Mzee Erasmus. Walimkuta amekaa barazani, mkono umefungwa plasta ngumu. Tekla alikuwa ubavuni mwake, bandeji imemfunika shavu. Tunu alijificha nyuma ya wenzake, lakini mzee alimwona.

"Tunu, njoo hapa mjukuu wangu. Nilikuwa nakuwaza wewe."

Alisogea.

"Nataka uniombee radhi kwa baba yako," Mzee Erasmus alisema. "Mlinijazia upepo mzuri, mie nikauharibu. Labda nilibeba watu wengi kupita kiasi. Labda kuna namna ya kuutunza ambayo ulinieleza, uzee ukanisahaulisha. Ulinieleza, sivyo?"

Tunu alitazama plasta. Angepigwa kofi pale mbele ya wenzake angeona nafuu. Mtu aliyevunjika mkono kwa sababu yake alikuwa anamwomba radhi, tena kwa sauti ya unyenyekevu, kama mwanafunzi aliyekosea hesabu.

"Upepo gani huo, Babu?" Mwalimu Felicitas aliuliza.

"Naitrojeni, Mwalimu. Kama ya ndege. Mwanafunzi wako huyu anaijua yote. Aliniambia nisipime mpaka Krismasi."

Mwalimu Felicitas aligeuka polepole akamtazama Tunu. Yeye ndiye aliyefundisha lile somo la mafungu matano, na Tunu aliona usoni mwake kwamba ameshaelewa. Tunu akageuka akashuka barazani, akakimbia bila kuaga. Nyuma yake alisikia Tekla akiita jina lake.

Mwinshehe alirudi kutoka Kisarawe akiwa amechoka lakini ana furaha, kwa maana mama yake alikuwa amepata nafuu. Alikuta kibanda kisafi, vifaa vimepangwa, na Talha ana heshima kuliko siku zote. Hakuona dalili yoyote. Tunu alielewa kwamba akinyamaza siku moja tu, kisha nyingine, jambo hili litafunikwa. Mzee Erasmus angeendelea kujilaumu mwenyewe mpaka mwisho wa maisha yake. Wazo hilo la mwisho ndilo lililomshinda.

Alimfuata baba yake alipokuwa ananawa miguu uani.

"Baba, nina neno."

"Sema."

Alisema yote. Alieleza habari ya Ansbert, mtungi, ubao na Krismasi. Alipofika kwenye tairi lililobonyea, sauti ilikatika, akalazimika kuanza upya. "Niliona, Baba. Niliona kwa macho yangu nikanyamaza. Na Kaka Talha usimfukuze. Wazo lilikuwa langu."

Mwinshehe aliweka kata chini. Alikaa akiitazama, maji yakimkauka miguuni. Tunu alitamani agombe.

"Mzee wa watu nimekuwa nikimpimia tairi toka hujazaliwa," alisema mwishowe. "Alikuamini wewe kwa sababu ananiamini mie. Umetumia jina langu, Tunu." Akasimama. "Vaa viatu twende."

"Utamwambia wewe, Baba?"

"Mie nitakuwepo. Wewe ndiye utakayesema."

Ilikuwa safari fupi, lakini Tunu aliiona ndefu kuliko njia ya Kisarawe. Mzee Erasmus aliwakaribisha kwa furaha, akaagiza chai. Tunu alikataa kukaa. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma, macho kwenye mkeka. Alipomaliza, Tekla aliinuka, akaingia ndani na kurudishia mlango.

"Kwa hiyo hukunieleza namna ya kuutunza," mzee alisema polepole. "Sikusahau."

"Hukusahau, Babu. Ulikuwa upepo wa kawaida. Ulitakiwa kupimwa kila wiki kama siku zote. Nisamehe."

Uso wa mzee ulibadilika. Kwanza ulionyesha nafuu, kama mtu aliyeambiwa kwamba akili zake ziko timamu. Kisha ikaja huzuni, na huzuni ile Tunu aliibeba kwa muda mrefu.

"Nitakusamehe," Mzee Erasmus alisema. "Leo bado naumwa, lakini nitakusamehe. Ila niambie jambo moja. Ni wangapi wengine uliowaambia wasipime?"

Tunu alishtuka. Katika aibu yake yote hakuwa amewawaza. Teksi, pikapu, basi dogo la watoto wa chekechea, wote walikuwa barabarani wakiamini wako salama mpaka Krismasi.

"Wengi, Babu."

"Basi usikae hapa unanililia mie. Nenda kawatafute."

Toka jioni hiyo Mwinshehe, Talha na Tunu walisimama barabarani. Talha ndiye aliyeyakumbuka magari, maana aliyajaza kwa mikono yake. Mwinshehe alikuwa amemwambia maneno machache faragha, na baada ya hapo Talha hakuinua macho kwa siku kadhaa. Kila gari lililosimamishwa, Tunu alisogea dirishani akasema sentensi ileile: "Tulikudanganya. Ile haikuwa naitrojeni ya mtungini, ilikuwa hewa ya kawaida. Tunaomba tukupimie sasa hivi, bure."

Haikuzoeleka. Kila dirisha lilikuwa aibu mpya. Dereva mmoja alimtukana, akavuka barabara kwenda gereji ile nyingine, wala hakurudi tena. Mama mmoja alicheka mpaka machozi, na kucheka kwake kulimuuma Tunu kuliko tusi. Ansbert, aliposikia, alikuja mwenyewe na pikipiki yake.

"Siku ile hukuniacha nimalize," alisema kwa hasira. "Nilitaka kukwambia kwamba ndege, pamoja na hiyo naitrojeni yake, matairi yake yanapimwa kila siku. Uwe umejaza nini, geji huikwepi."

Siku iliyofuata walisimamisha teksi iliyokuwa na maharusi wanaokwenda Bunju, nyuma kumefungwa riboni nyeupe. Dereva hakutaka kuchelewa. Mwinshehe akamwomba, na Tunu akapiga magoti akabana geji kwenye valvu ya tairi la nyuma. Mshale ulipanda kidogo sana, ukasimama.

"Baba, njoo uone," alisema.

Ubavuni mwa tairi lile palikuwa na msumari. Kwa mwendo wa harusi, na barabara ndefu ya Bagamoyo iliyokuwa mbele yao, lisingefika. Dereva alishuka, akalitazama, akakaa juu ya ndoo. Bibi harusi naye akashuka na gauni lake, akasimama kivulini mpaka tairi likabadilishwa. Tunu alipowaona wanaondoka salama, ndipo kwa mara ya kwanza tangu ajali alilia kwa sauti.

Jumatatu alimfuata Mwalimu Felicitas ofisini. Alimweleza bila kuulizwa.

"Nilijua toka siku ile barazani," mwalimu alisema. "Nilikuwa nasubiri uje. Unajua kinachoniuma? Somo lilikuwa la kweli. Wewe hukusema uongo uliposema hewa ina naitrojeni nyingi."

"Lakini nilidanganya, Mwalimu."

"Ulidanganya. Ulichukua kipande cha ukweli ukamfumba mtu macho. Uongo mtupu watu wangeushtukia. Huu waliuamini kwa sababu una elimu. Elimu nimekupa uwafungue watu macho, Tunu, siyo uwapofushe."

Tekla alirudi shuleni bandeji ikiwa imetolewa. Kwa wiki nzima alikaa pembeni kabisa ya dawati, akizungumza na Tunu pale tu alipohitaji kifutio. Tunu hakumlalamikia. Siku moja, wakati wa hesabu, Tekla alisogeza daftari katikati ili wasome pamoja, na Tunu alisoma huku mistari ikitetemeka kwa machozi.

Mzee Erasmus alikuja kibandani mara tu gari lake lilipotengenezwa. Liliendeshwa na mwanawe. Mkono wa mzee ulikuwa bado umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Mwinshehe alitoka kumpokea kwa mikono miwili.

"Nimeleta gari lipimwe," mzee alisema. "Apime huyu."

Tunu alipima matairi yote, moja baada ya jingine, akataja kila kipimo. Alipofika la mwisho, mzee alinyoosha mkono wake mzima.

"Hebu nipe hiyo geji nisome mwenyewe."

Tunu alimpa. Mzee aliinama kwa shida, akabana, akasoma, akaenda tairi la pili, la tatu, mpaka akayamaliza. Vipimo vyote vilikuwa kama alivyovitaja. Mzee akarudisha geji, akaitikia kwa kichwa, akapanda gari. Hakumshika kichwani kama zamani.

Gari lilipoondoka, Tunu alibaki ameinama. Baba yake akaja akasimama karibu naye.

"Umeumia?"

"Nimeumia, Baba. Lakini ana haki."

"Ana haki. Na atasoma mwenyewe wiki ijayo, na ile nyingine. Watu wakikuamini, maisha yao yako mikononi mwako, hata kama umeshika geji tu. Ukiwadanganya, huwezi kuwalazimisha wakuamini tena. Unachoweza ni kusema ukweli kila wiki, hata pale asipokuwepo wa kukuhakiki, mpaka siku mzee atakapoona hana haja ya kuinama."

Teksi ilikuwa inaingia pembeni ya barabara. Tunu alifuta macho kwa kiganja, akachukua geji, akamsogelea dereva.

"Shikamoo. Tukupimie?"